Mnara wa Taa wa Mtu Asiye na Mashua

Wanaosema mchezo ni mchezo tu hawajawahi kuchezea chumba. Dada alikichezea, miezi minne na siku kadhaa, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia alishinda. Atasema hivyo akiwa anatazama sindano yake, si wewe, kisha atakuuliza kama gauni unalitaka la mikono mirefu au mifupi.

Dada ndilo jina lake kwa watu wote. Mama yake humwita Dada, mdogo wake humwita Dada, wateja humwita Dada, na mume wake, ambaye kazi yake ni kusoma mita za maji nyumba hadi nyumba, naye kazoea kumwita hivyo hivyo, jambo linalowachekesha watu wasiowajua. Ni fundi wa kushona. Kwa miaka kumi na tisa alishonea kwenye korido ya nyuma katika nyumba ya wazazi wake, kati ya jiko na bafu, mahali ambapo cherehani ikikaa kiti hakikai, na kiti kikikaa mteja anasimama. Taa ilikuwa inawaka mchana kutwa. Mteja aliyekuja kupimwa alipita jikoni kwanza, akaruka ndoo, akainama chini ya kamba ya nguo, ndipo akafika kwa fundi. Mwalimu mkuu mmoja, mama mwenye heshima zake, alikuja kupimwa gauni la harusi ya binti yake. Akiwa amesimama na shimizi, mikono juu, utepe kifuani, mlango wa bafu ukafunguka mgongoni pake na Bwana Mdogo, mdogo wake Dada, akatoka na taulo, anaimba. Mwalimu mkuu hakurudi. Kitambaa alikipeleka kwa fundi mwingine, na Dada alikaa wiki nzima na ile karatasi ya vipimo visivyo na nguo.

Ndiyo maana alikitaka chumba cha mbele. Kilikuwa cha baba yao, na tangu baba afariki, miaka miwili sasa, kilikuwa kimefungwa na vitu vyake ndani: meza, kompyuta kuukuu, na kiti ambacho mto wake ulikuwa bado na shimo la makalio ya mwenyewe. Kina madirisha mawili ya barabarani na mlango wake peke yake. Dada kila akipita nje alikuwa anakipanga kichwani. Cherehani hapa chini ya dirisha, kioo kirefu pale, pazia la kujaribia nguo pale kwenye kona, na mtu anaingia kutoka barabarani kama binadamu.

Shida ni kwamba mdogo wake naye alikuwa anakipanga. Huyo Bwana Mdogo, jina walilompa utotoni na ambalo limemganda mpaka leo ana miaka thelathini na mbili na kitambi kinachoanza, ni fundi wa kompyuta na simu. Alikuwa anafanyia kazi kwenye kona ya duka la mtu, meza yenyewe si yake, na kichwani mwake chumba cha mbele kilikuwa na kaunta, rafu na bango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa mwisho tu, na hilo ni tatizo tofauti.

Wakamwendea Mama wote wawili aamue. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Mimi sichagui kati ya watoto wangu," alisema. "Amueni kama baba yenu alivyowafundisha. Na ufunguo nitakaa nao mimi."

Wote walielewa maana yake. Baba alikuwa mchora ramani wa ofisi ya ardhi, mtu wa rula na kalamu kali, na katika maisha yake yote alikuwa na starehe moja: mchezo wa miji kwenye ile kompyuta. Watoto wakigombana, nani aoshe vyombo, nani aende na baiskeli, hakupiga wala hakuhubiri. Aliwasha kompyuta akasema kaeni. Walilia mbele ya kile kioo cha kompyuta, walinuniana mbele yake, lakini aliyeshindwa alikwenda kuosha vyombo na mdomo wake kaufunga. Ilikuwa sheria ya nyumba. Watoto wa watu wengine walirusha sarafu, wao walijenga miji.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Kila mmoja ana nchi yake na miji minne, miji inachimba mawe, na kwa mawe unajenga. Nyumba, visima na barabara kila mtu anaweza kuwa navyo. Lakini yapo majengo makuu kumi na matatu, na kila moja hujengwa mara moja tu katika dunia nzima. Akilimaliza mwenzako, wewe uliyebakiza tofali la mwisho umetoka kapa: la kwako linaporomoka na nusu ya mawe inapotea. Kila jengo kuu lina alama moja, isipokuwa Jumba la Mizani, kubwa kuliko yote, lenye mbili. Wa kwanza kufikisha alama saba ameshinda. Na mwenzako anachojenga hukioni. Unakijua siku kimekamilika, parapanda inapolia na maandishi yanapotokea.

Kwa hiyo kazi yote ipo kwenye kuchagua lipi lianze, lipi lisubiri, lipi umwachie mwenzako bila kinyongo. "Msikimbilie lililo zuri," Baba alikuwa anawaambia. "Kimbilieni lile ambalo mwenzako akilipata utakosa usingizi." Dada alilishika hilo. Bwana Mdogo lilimpita.

Walipatana zamu moja kwa siku. Dada anacheza asubuhi kabla ya kuanza kushona, Bwana Mdogo anacheza jioni akitoka kazini. Mama anafungua mlango kwa ufunguo wake, mtu anaingia peke yake, anaweka neno lake la siri, anacheza, anafunga, anatoka.

Dada alianza vizuri mno. Alijenga Ghala Kuu kwanza, ili mawe yake yasipotee njiani, halafu Tanuri la Matofali, ambalo linapunguza gharama ya kila kitu kinachofuata. Yakaja Kinu cha Maji na Maktaba. Alikuwa na daftari la vipimo, lile lile la mabega na viuno vya watu, na kurasa za nyuma alikuwa ameandika orodha: jengo, siku zake, faida yake, hatari yake akilipata mdogo wake. Bwana Mdogo wakati huo alikuwa amejenga Sanamu ya Farasi, ambayo haina faida yoyote zaidi ya kupendeza, na Lango la Shaba, ambalo ni Sanamu ya Farasi yenye bawaba. Baada ya wiki sita zilikuwa nne kwa mbili. Mume wa Dada alianza kupima chumba cha mbele kwa hatua, akiwa nje barabarani, majirani wakimtazama.

Ilikuwa ni wakati huo Mama alipoanza kuuliza.

Kila asubuhi Dada akitoka kucheza, Mama alikuwa anakuja kukaa naye koridoni, kwenye kigoda, kumsaidia vifungo. Mkono wa Mama kwenye vifungo ni mzuri kuliko wa fundi yeyote. Zamani alikuwa anashona kimya, au anauliza yale ya kila siku: mdogo wako kala, maji yametoka, umeona mfuniko wa sufuria. Sasa akawa anauliza jingine.

"Enhe, leo unajenga nini, Dada?"

Mara ya kwanza Dada alidhani hakusikia vizuri.

"Mfereji Mkuu, Mama. Unapeleka maji miji yote, halafu miji inakua."

"Lile la maji," alisema Mama, kwa sauti ya mtu asiyejua anaongea nini. "Na litachukua muda?"

"Siku kumi na nne. Nimeshamaliza tatu."

Utauliza kwa nini alimwambia. Ukiuliza hivyo wewe hukuzaliwa wa kwanza. Huyu mwanamke alishona miaka kumi na tisa hatua nne kutoka jiko la mama yake, na katika miaka yote hiyo hakuna siku Mama aliyowahi kuuliza gauni hili la nani, umekata vipi shingo hii, umechoka. Alikuwa Dada, na Dada ni kama bomba: likitoa maji hakuna anayelitazama. Sasa Mama anakaa, ana uzi mdomoni, anauliza, na jibu analisubiri. Dada alikuwa anaongea kama aliyefunguliwa mdomo. Alimweleza kwa nini Daraja la Nguzo Mia lisubiri nyuma ya Mfereji, kwa nini Mnara wa Taa ni wa mwenye meli tu, kwa nini kuharakisha kitu si sawa na kukipenda. Alimsomea orodha. Jioni alimwambia mume wake, "Mama siku hizi tunaongea," na akasikia haya kidogo kwa jinsi alivyofurahi.

Na wala hakuona hatari, maana Mama hajui kompyuta. Hilo lilijulikana nyumba nzima. Mama hata simu alikuwa anaishika kwa vidole viwili, mbali na mwili.

Siku ya kumi na mbili ya Mfereji, Dada aliingia asubuhi, akaweka neno la siri, parapanda ikalia. Mfereji Mkuu umekamilika. Si wake. Wake ulikuwa umebakiza siku mbili, na aliutazama ukiporomoka kwenye kioo, mawe yakibingirika, nusu yakapotea. Akajikaza. Mambo haya hutokea. Akahamia kwenye Daraja, akaweka miji yote minne ikate mawe usiku na mchana, na Mama akauliza, naye akajibu. Daraja likabakiza siku moja. Asubuhi ile parapanda ilipolia alikuwa bado hajakaa sawasawa kwenye kiti.

Nne kwa nne. Siku ile alishona zipu ya suruali ya mtu nyuma mbele.

Jioni alimsubiri mdogo wake mlangoni, na hakumpa hata nafasi ya kushusha begi.

"Umefungua upande wangu."

"Nani kakwambia?"

"Kazi yako ni kufungua kompyuta za watu. Unadhani mimi mjinga? Siku mbili, kisha siku moja. Hiyo ni bahati?"

Bwana Mdogo alitua begi taratibu. "Dada, naapa kwa kaburi la baba. Sijagusa upande wako. Sijagusa hata kibonye."

Alimtazama machoni akisema. Na hapo ndipo Dada alipochanganyikiwa, kwa sababu anamjua huyu mtu tangu yuko kwenye nepi, na akisema uongo anajikuna shingo. Hakujikuna. Alikuwa anasema kweli, na bado hakuwa msafi, na Dada aliliona hilo bila kujua analiona nini. Alibadilisha neno la siri vilevile. Daftari akaanza kulilalia chini ya mto.

"Basi amebaki mmoja wetu," alisema mume wake akicheka, wakiwa mezani. "Mimi au Mama. Na mimi kila siku niko kwenye mita za watu, napiga soga na kila mtu."

Alisema kwa mzaha, ila Dada aliacha kutafuna. Watu waliojua orodha yake walikuwa wawili tu katika dunia nzima. Hakulala vizuri. Kesho yake akafanya jambo ambalo mpaka leo anatamani asingelifanya, kwa maana ya kwamba anatamani asingelijua. Alimwambia mume wake, wakinywa chai, kwamba sasa anakimbilia Chuo cha Nyota. Kisha koridoni, Mama alipouliza, akasema, "Mnara wa Taa, Mama. Nimeamua niwe na meli." Na yeye mwenyewe, bila kumwambia kiumbe yeyote, akaanza kujenga Soko la Paa.

Wiki ile yote aliomba awe mume wake. Mume unamnunia, unampikia chakula kisicho na chumvi, anaomba radhi, mnaendelea. Mume ni mtu mliyekutana njiani. Alimtazama akifunga kamba za viatu vyake asubuhi na kimoyomoyo akamsihi: tafadhali uwe wewe.

Ili uelewe kilichotokea, ujue kwamba nchi ya Bwana Mdogo ilikuwa katikati ya milima. Hakuwa na pwani. Hakuwa na ziwa. Hakuwa na mashua, na hakukuwa na njia yoyote ambayo angepata mashua hata mchezo ungechezwa miaka kumi. Na ilipofika siku ya tisa, asubuhi, parapanda ikalia, na maandishi yakatokea: Mnara wa Taa umekamilika. Alikuwa ameujenga juu ya kilele cha mlima, unazungusha mwanga wake wote juu ya mbuzi.

Dada alicheka. Mtu yeyote angecheka. Kisha kicheko kikakata, akabaki amekaa kwenye shimo la mto wa baba yake, mikono mapajani. Mama yake amemsaliti. Alilisema neno hilo moyoni mara moja, halafu mara ya pili, kuona kama litakubali kukaa, na likakaa. Akakumbuka kitu ambacho alikuwa anakijua siku zote na hakuwahi kukitumia: miaka thelathini Baba alicheza mchezo huu, na miaka thelathini Mama alikaa nyuma ya kile kiti na ushonaji wake, kimya, akitazama. Nani alisema hajui? Hakuna aliyemuuliza. Kitu kilichomuuma zaidi wala hakikuwa Mfereji wala Daraja. Ilikuwa lile swali la kila asubuhi. Alikuwa amelibeba kama zawadi, na halikuwa lake. Lilikuwa linapita kwake kwenda kwa mwingine.

Alitoka akafunga mlango. Mama alikuwa ameshakaa kigodani, vifungo kwenye kisahani.

"Enhe? Na lile la taa?"

"Kaniwahi, Mama."

"Pole." Na akamaanisha, hilo ndilo la ajabu, uso wake ulikuwa na huruma ya kweli. "Na sasa unajenga nini, Dada?"

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema, Mama, acha. Angelisema, pengine Mama angelia, pengine yeye angelia, na chumba kingeenda popote kinapokwenda. Lakini miaka kumi na tisa ya korido ilikuwa nyuma ya mgongo wake, na mlango wa bafu, na mwalimu mkuu. Akavuta kitambaa, akakipanga chini ya sindano.

"Jumba la Mizani," alisema. "Naweka miji yote minne. Siku ishirini na nane, nimepiga hesabu. Lina alama mbili peke yake."

"Lile kubwa," alisema Mama.

"Lile kubwa."

Soko la Paa lilikamilika kesho yake, zikawa tano kwa tano. Yalikuwa yamebaki matatu: Jumba, Chuo cha Nyota na Bustani ya Ngazi. Dada aliweka miji miwili kwenye Chuo na miwili kwenye Bustani. Siku ishirini, yote mawili. Jumba hakuligusa hata kwa jiwe moja.

Zile zilikuwa siku ishirini ndefu kuliko miezi yote iliyotangulia. Kila asubuhi Mama aliuliza na kila asubuhi Dada alimdanganya, kwa namba kamili, maana mwongo asiye na namba hukamatwa. Nimefikia msingi. Nimesimamisha nguzo sita. Nimebakiza paa na mizani yenyewe. Aliandika hata ukurasa wa uongo kwenye daftari na kuuacha wazi juu ya meza. Siku ya kumi na moja Mama alimletea uji bila kuombwa, akamwekea mkono begani, akasema, "Unajichosha sana na jumba lako hilo," na mkono ukabaki pale. Dada aliacha mguu ukanyage cherehani bila kitambaa, ili isikike kelele, asije akasema ukweli. Alikuwa na hasira na alikuwa na hamu ya ule mkono, vyote kwa pamoja, na hakuna aliyewahi kumfundisha mtu afanye nini na vitu hivyo viwili.

Asubuhi ya ishirini parapanda ililia mara mbili. Chuo cha Nyota. Bustani ya Ngazi. Saba. Kioo kikajaa bendera zake.

Hakupiga kelele. Jioni Bwana Mdogo alipokuja alimkuta dada yake amesimama chumbani, na Mama mlangoni na ufunguo. Bwana Mdogo aliinama kwenye kompyuta, akasoma, akasoma tena. Jumba lake la Mizani lilikuwa limebakiza siku mbili kamili.

"Jumba vipi?" aliuliza. Na hakumuuliza dada yake. Aligeuka, akamtazama Mama.

Watu watatu wote walikuwa wamelisikia. Bwana Mdogo akaanza kujikuna shingo.

Kwa haki yake, hakuleta ubishi. Sheria ya nyumba ni sheria ya nyumba. "Umeshinda, Dada," alisema, na Jumamosi alikuja yeye mwenyewe akabeba cherehani kutoka koridoni, akapita nayo jikoni, akaruka ndoo, akaitua chini ya dirisha. Alifunga kioo kirefu ukutani kikanyooka. Kompyuta ya baba akaihamishia chumbani kwake. Akiwa anafungasha waya alisema bila kuinua kichwa, "Mimi sikumwomba. Alikuja mwenyewe. Ila ningeweza kumkatalia." Dada alimwitikia kwa kichwa, na hayo ndiyo mazungumzo yote waliyowahi kuwa nayo kuhusu jambo hilo.

Mama hakutia mguu chumbani siku tatu. Siku ya nne aliingia kwa mlango wa ndani, akasimama. Dada alikuwa anaweka pindo. Alijua kwamba sasa litasemwa, naye alikuwa ameliandaa jibu la msamaha. Ndiyo, alikuwa ameshaliandaa. Alikuwa analisubiri ombi tu.

"Uliniambia siku ishirini na nane," alisema Mama. "Jumba la Mizani, siku ishirini na nane. Kwa machimbo yake yeye ni ishirini na mbili. Mimi mwenyewe nilimpigia hesabu." Hakuna tena lile la maji na lile la taa. Alikuwa anayataja kama mtu aliyeyajua toka zamani. "Umenifanya nimdanganye mwanangu."

Dada aliinua mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikasimama.

"Na mimi ni nani, Mama?"

Mama alimtazama kwa mshangao, bila ubaya wowote, jinsi unavyomtazama mtu aliyeuliza jambo lililo wazi.

"Si wewe ndiye Dada," alisema. "Wewe una mume. Una kazi mkononi. Ungepata mahali popote. Yeye ana nani?"

Dada alikuwa ametazamia kila kitu, hata machozi, lakini hakutazamia kwamba yeye ndiye atakayeonekana msaliti, na kwamba mama yake angelisema hilo akiwa anaamini. Akarudisha mguu, akamalizia pindo. Lilitoka limenyooka. Kazi nyingine hazikuangushi.

Sasa chumba ni kile alichokuwa akikiwaza, na kizuri kuliko alivyokiwaza. Mwanga unaingia tangu asubuhi. Wateja wanaingia kutoka barabarani, wanajaribu nguo nyuma ya pazia, wanajigeuza kwenye kioo. Hata mwalimu mkuu amerudi, ana binti wa pili anayeolewa, na ameleta kitambaa cheupe kizito ambacho fundi hukipata mara moja moja maishani. Dada amekikata kwa mtindo ambao hajawahi kuujaribu: mgongo wa vifungo arobaini, shingo iliyosimama, mkia unaofunguka. Hajamwonyesha mtu. Amelivika gauni hilo kwenye sanamu ya kushonea, katikati ya chumba, mahali ambapo mtu anayeingia kwa mlango wa ndani hawezi kupita bila kulizunguka.

Mama siku hizi anakuja tena, maana vifungo arobaini havijishoni. Anavuta kigoda, anatia uzi kwenye sindano kwa mara moja, macho yake bado makali. Dada anakanyaga cherehani polepole ili isipige kelele. Anasubiri. Majibu yote anayo, ya kweli, toka la nani mpaka mtindo umetoka wapi, na safari hii hakuna hata moja la kuficha.

Mama anashona kifungo cha kwanza, cha pili, mpaka cha arobaini. Anauma uzi, anahesabu kisahani kwa kidole.

"Kimezidi kimoja," anasema, anakiweka mezani, anainuka kwenda kuangalia kama Bwana Mdogo amekula.